Marehemu Asionekane

Ijumaa ile nilitoka shule saa tisa na nusu, nikapita njia ya uani kama kawaida yangu. Mie huwa sipiti mbele kukiwa na watu. Nikakuta hata uani pamejaa. Masufuria makubwa juu ya mafiga, wanawake wa mtaani kwetu wamejifunga khanga, turubai la bluu limefungwa kutoka nondo za dirisha la jikoni mpaka kwenye mpapai. Katikati kuna meza, juu ya meza kuna jeneza, na juu ya jeneza kuna picha yangu.

Nilijua baba anashuti filamu. Nilijua kuna sini ya msiba na kwamba watashutia kwetu, maana mjumbe alishaambiwa na mtaa mzima ulishaalikwa kuja kulia. Ila hakuna aliyeniambia kwamba aliyekufa ni mie.

Ilikuwa ile picha ya pasipoti niliyopiga kwa ajili ya mtihani wa kidato cha pili, kola imesimama upande mmoja, macho nimeyatoa kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Baba aliipeleka steshenari wakaikuza mpaka chunusi ya kidevuni ikawa kubwa kama harage. Wakaitia kwenye fremu, wakafunga utepe mweusi kwenye kona.

Nikasimama na begi langu mgongoni.  Aliyeniona kwanza ni mama wa genge, jirani yetu anayeuza nyanya na vitunguu mbele ya nyumba. Akapiga ukelele.

"Mamaaa! Marehemu kafufuka na begi lake!"

Wote wakaangua kicheko, wale waliotakiwa kuwa wanalia. Baba akatokea nyuma ya kamera, kofia kaigeuza nyuma mbele, kaunta buku kwapani.

"Kata! Kata!" Halafu akaniona. "Mwanangu, umekatiza kwenye fremu. Ingia ndani. Marehemu asionekane."

Hivyo tu. Sio pole, sio samahani nimechukua picha yako. Nikaingia chumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni.

Niseme kidogo kuhusu baba, la sivyo mtu atadhani ni mtu mbaya. Baba ni mwandishi na mwongozaji wa filamu. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao Iringa. Akaandika igizo la Pasaka la kanisani, watu wakalia mpaka mchungaji akaomba lirudiwe Jumapili iliyofuata. Nadhani kile kilio ndicho kilichomharibu. Aliacha chaki akaja Dar, na mpaka mie nazaliwa alikuwa na filamu tatu. Sasa ana tisa. Enzi za CD alikuwa anajulikana. Mama anasema walikuwa hawamalizi barabara bila mtu kumshika mkono. Halafu watu wakaacha kununua CD. Zilizobaki ziko kwenye maboksi chini ya kitanda changu, nalala juu ya filamu za baba. Siku hizi wanapenda tamthilia fupi za kwenye simu, na baba anasema hawezi kuandika kitu cha mtu kuangalia huku anasubiri maji yachemke.

Filamu hii ya kumi ilikuwa kama mtihani wake wa kurudia. Kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kimesema kinataka kuiona ikiisha. Alikuwa amekonda kwa ajili yake.

Kazi yake naijua kwa sababu nimekuwa ndani yake tangu mdogo. Haandiki maneno ya waigizaji. Kwenye kaunta buku anaandika sini na kinachotokea tu: mama anapata habari, mama anaanguka. Maneno wanayatafuta wenyewe, yeye anasema ya kuandikiwa yananuka karatasi. Kabla ya kushuti anapitisha ndoo nyeupe yenye mfuniko, kila mtu anatumbukiza simu yake ikiwa imezimwa, na yake ndiyo inakuwa ya kwanza. Na ana alama moja ya mkono. Mwigizaji akianza kulia kweli, kameramani akamtazama kuuliza azime au vipi, baba hasemi neno. Anainua kidole na kukizungusha hewani taratibu, kama mtu anayekoroga chai. Maana yake, endelea, usiguse kitu.

Jioni ile watu walipoondoka, mama alirudi kutoka shuleni anakofundisha, akaiona fremu mezani. Mama hapigi kelele. Alisimama tu na mkoba wake.

"Baba watoto, hii nini?"

"Dada mmoja aliyetakiwa kuleta picha ya mdogo wake hakuja. Muda ulikuwa unakwenda, ningefanyaje?"

"Ungeweka picha ya ua."

"Ua halifi, mama watoto."

"Toa picha ya mwanangu kwenye jeneza."

"Kesho tunamalizia. Nikibadilisha picha leo, mtazamaji ataona msiba umeanza na marehemu huyu unaisha na yule. Siku moja tu, jamani. Ni karatasi."

Mama alinigeukia. "Na wewe unasemaje?"

Mie nikasema, sijui. Huwa nasema sijui hata ninapojua. Mama akapumua, akanipa simu yake niichaji, akaenda kuoga.

Hapa ndipo panaponiuma, na nimeahidi kwamba kwenye daftari hili sitadanganya.

Mama wa genge, kabla simu yake haijaingia kwenye ndoo, alikuwa ameipiga picha ile meza akaiweka kwenye status yake. Alitaka watu waone naye yumo kwenye filamu. Akaandika, "Msibani jamani, leo tutalia mpaka macho yavimbe." Kwake ulikuwa utani. Sisi wa huku Yombo wote tulijua ni utani. Lakini status haikai Yombo. Kufikia saa kumi na mbili jioni picha ilikuwa kwenye kundi la darasa letu, ambalo mie naliangalia kwa simu ya mama, na watu walikuwa wananililia.

Nilikaa chini karibu na soketi. Nilishtuka, na wakati huohuo nikashindwa kuacha kusoma. Mmoja aliandika nilikuwa mpole kama malaika. Mmoja, ambaye hajawahi kukaa dawati moja na mie, aliandika "rafiki yangu kipenzi, nani atanisaidia hesabu sasa." Mie hesabu napata ishirini na nane. Mvulana mmoja, simtaji hata kwa herufi ya kwanza, aliandika kwamba alikuwaga anataka kunisalimia kila siku akawa anaona aibu.

Ningeandika neno moja. "Nipo." Basi, yangeisha. Nikajiambia nisome kumi tu halafu niandike. Kumi zikapita. Nikachukua kalamu nikaanza kuzinakili kwenye daftari hili, moja moja, na majina yao.

Katikati simu ikaita. Shangazi, dada yake baba, aliyeko Iringa na bibi. Mie simu za watu sipokeagi, naona aibu hata kusema haloo. Nikaacha iite. Ikaita tena. Ikaita mara ya tatu.

"Nani anapiga?" mama akauliza kutoka bafuni.

"Hakuna, matangazo."

Ningesema shangazi, mama angekuja kuchukua simu, na mie nilikuwa bado sijamaliza.

Shangazi alikuwa na namba ya mama wa genge tangu alipokuja kututembelea. Aliiona ile status. Na sie tunavyojua, mfiwa humpigii kumuuliza eti ni kweli mwanao kafa. Shangazi alipiga asikie sauti ya mama tu, ajue. Simu ya baba ilikuwa bado imezimwa, kaisahau kwenye ndoo. Ya mama ikaita mara tatu bila kupokelewa. Akaelewa alivyoelewa. Akamwendea bibi, akamwambia maneno yale ambayo kila mtu mzima anayajua, "Mama, mtoto wa Dar anaumwa kidogo, panda basi la asubuhi ukamwone, mie nitakufuata." Bibi ana presha na ana miaka yake. Mtu akiambiwa panda basi ukamwone mtoto anaumwa kidogo, hahitaji kuuliza zaidi. Alichukua gauni lake jeusi.

Mie nililala. Niliandika "nipo" kwenye kundi asubuhi, nikijua nimechelewa kwao, sijui kwamba nimechelewa kwa mwingine. Walinitukana. Yule rafiki yangu kipenzi aliandika, "Sasa mbona umetuliza bure?"

Jumamosi ilikuwa zamu ya sini kubwa, jeneza linatoka nyumbani. Jeneza lenyewe fundi seremala wa barabara ya juu alilikosea kipimo, likabaki kwake anawekea mbao, akatuazima. Ndani baba alitia matofali mawili ili wabebaji walegee mabega vizuri. Mie niliambiwa nikae chumbani, pazia lifungwe, lakini watu walinitania siku nzima kupitia dirishani.

"Marehemu, tupitishie chumvi!"

"Marehemu, huko uliko kuna umeme? Sie huku umekatika."

Baba hakuwa anacheka. Kila akisema akisheni, wanawake wanalia kidogo halafu mmoja anachekea khanga, wanaharibu.

"Mama zangu, nawaheshimu sana," baba akasema, "lakini mnalia kama watu wanaokatakata vitunguu. Kuna mtoto hapa. Mtoto kafa!"

"Dairekta, mtoto mwenyewe tumemwona saa hizi anakula chapati," akasema mama wa genge. "Tunamliliaje?"

Walirudia mara sita. Ilipofika saa kumi, nuru imeanza kulainika jinsi baba anavyoipenda, nilimwona kupitia upenyo wa pazia ameketi juu ya ndoo ya simu, kaweka uso viganjani. Nikamhurumia kweli. Nikatamani wangelia.

Akainuka. "Mara ya mwisho. Akisheni."

Ndipo bajaji ikasimama nje. Sikuiona, niliisikia. Halafu nikasikia sauti ambayo mwili wangu uliijua kabla ya kichwa. Mtu analia kwa kilugha cha kwetu, kutoka getini, anakuja.

Bibi aliingia uani na kipochi chake na mfuko wa rambo wenye mahindi mabichi. Viatu vilikuwa vimemtoka, sijui wapi. Watu wakampisha. Alikwenda moja kwa moja mpaka mezani, akaishika fremu kwa mikono miwili kama mtu anayemshika mtoto masikio, akahamia kwenye Kiswahili.

"Ulisema unakuja likizo. Ulisema nisivune mahindi, utakuja tuvune wote. Nimeyaleta. Amka basi, nimeyaleta."

Akaanguka magoti.

Wanawake wote, wale wale wa vitunguu, wakapasuka kulia. Wengi hawakumjua ni nani, walidhani baba kaleta mwigizaji wa kweli kutoka mjini. Mama wa genge akavua kilemba akajifunika uso. Mama yangu alikuwa nyuma kwenye masufuria, moshi mtupu, haoni.

Kameramani alimjua bibi. Aliwahi kwenda Iringa na baba. Akageuza shingo, macho yamemtoka, akamtazama baba kuuliza.

Na mie nikamtazama baba.

Uso wa baba ulikuwa umepauka kwa hofu, machozi yalikuwa yanamtoka. Na mkono wake ukapanda. Kidole kikaanza kuzunguka. Taratibu. Kama anakoroga chai.

Sijui ilikuwa muda gani. Mtu angeweza kusali Baba Yetu mpaka kwenye mkate wa kila siku. Nilikuwa nimeshika pazia, siamini. Nilikuwa nasubiri aseme kata. Mama yake mzazi yuko mavumbini na yeye hasemi kata.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka tu mwanga, na watu wote, na ile kamera inanitazama, kitu ambacho mie naogopa kuliko nyoka. Nikafika mbele ya bibi, na kwa sababu sikuwa na neno lingine kichwani, mdomo wangu ukatoa lile ambalo hutoka lenyewe.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba," akajibu bibi, bado kainama.

  Halafu akainua kichwa taratibu, akaitazama picha, akanitazama mie, akaitazama picha tena. Akanyoosha mkono akanigusa kidevu, penye chunusi.

"Wewe ni nani?"

"Ni mie, bibi."

"Na humu ndani nani?"

 Bibi akajishika kwenye meza, akainuka, akasukuma mfuniko mwenyewe. Akaona matofali mawili na sweta la baba lililowekwa yasigongane.

"Mama," baba akasema. "Mama, ni filamu."

Bibi hakumwangalia. Alimwangalia kameramani, akaiangalia ile taa nyekundu ndogo ya kamera, ambayo ilikuwa bado inawaka. Bibi filamu ya baba aliangalia moja tu maisha yake yote. Mwigizaji mmoja alikufa mle ndani, bibi akahuzunika siku mbili, mwezi uliofuata akamwona kwenye filamu nyingine anakunywa soda. Tangu hapo alikataa. Alisema mtu akishakufa akae amekufa.

"Ulikuwa unaniona?" akamuuliza baba. "Muda wote nalia, ulikuwa umesimama hapo unaniona?"

 Kidole cha baba kilikuwa bado kiko juu, akakishusha akakificha nyuma kama mtoto.

"Ndiyo, mama."

Bibi akakaa chini pale pale, na mama akaja mbio na maji.

Tulimpeleka zahanati, presha ilikuwa imepanda, wakampa dawa na kumwambia apumzike.  Jumapili kameramani alikuja na kompyuta, nikamsikia akimnong'oneza baba sebuleni, "Braza, katika miaka yote, hii ndiyo sini. Wale wa televisheni wakiiona hii, umerudi." Baba akasema, najua. Alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa wake.

Jumatatu jioni bibi akatoka chumbani akakaa kwenye kochi.

"Nionyesheni," akasema.

"Mama, si lazima."

"Umeniona wewe, kaniona kameramani. Na mie nijione."

Baba akafungua kompyuta. Sote wanne tukaangalia. Ni kweli ilikuwa kitu ambacho sijawahi kuona kwenye filamu yoyote. Bibi alijitazama bila kupepesa mpaka pale ninapotokea kwa upande, nywele timutimu, nakatiza fremu kwa mara ya pili.

"Huyu mama kafiwa kweli," akasema polepole. "Hakuna anayeweza kumwambia hakufiwa. Kuanzia Iringa mpaka hapa, kila kituo, alikuwa kafiwa."

Baba akasema, "Mama, neno lako tu. Ukisema nifute, nafuta sasa hivi."

"Msiniulize mie. Aliyekufa ni huyu. Muulizeni marehemu."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na neno tayari. Tangu Jumamosi nilikuwa nalo kooni kama mwiba wa samaki, futa, futa, utawezaje baba, kidole chako kile. Nikafungua mdomo nikajisikia nasema kitu kingine kabisa.

"Shangazi alipiga Ijumaa. Mara tatu. Niliona."

Mama akaweka kikombe chini. Nikaendelea kwa sababu ningenyamaza nisingeanza tena. Nikasema kundi la darasa, nikasema watu walivyonililia, nikasema nilivyokuwa nanakili. Nikasema matangazo hayakuwa matangazo. Baba alisimama pale muda wa Baba Yetu nusu. Mie nilikaa pale na soketi jioni nzima, naangalia watu wanalia, na mie pia sikusema kata.

Sijawahi kuona uso wa baba ukiwa vile. Alinitazama kama amejiona kwenye kioo.

 "Kumbe wako wawili," bibi akamwambia mama, sio sie. "Pole, mkwe wangu."

"Nimeshapoa, mama," mama akasema.

Nikamwambia baba, "Futa. Na mie nafuta zangu."

Hakubishana. Alimpigia kameramani aje na kadi ya kamera, wakafuta kwenye kadi, wakafuta kwenye kompyuta, mbele ya bibi aliyekuwa amevaa miwani yake ya kusomea Biblia.

"Imekufa?"

"Imekufa, mama."

"Ikae imekufa."

Mie nikaleta daftari, nikachana zile kurasa mbili nilizonakilia maneno yao, nikampa bibi. Aliziwashia jiko la mkaa, tukachoma mahindi aliyokuja nayo.

Kabla hajaondoka, bibi alinipeleka studio ya picha pale njia panda. Alisema ile ya kwenye fremu imeshalazwa juu ya jeneza, hawezi kuiweka ukutani kwake. Nilipigwa nimekaa karibu naye, ananiminya ubavuni kwa siri ili nicheke.

Baba alirudia sini ya msiba kwa picha ya ua. Wanawake walijitahidi. Televisheni waliipokea filamu, wakasema watamjulisha, mpaka leo hawajamjulisha.

Zile kurasa zilichomwa, lakini najua kila neno lililokuwemo, hata alama za mshangao. Na juzi tulikuwa tunakula, umeme umekatika, nikamwona baba kasimamisha kijiko hewani anatazama ukuta. Kidole chake kinazunguka. Nikamgusa mkono.

"Baba. Kata."

Akashtuka, akala.